Zawadi Iliyotangazwa Redioni

Jumanne, 6 Agosti

Kitinda mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Tangu uondoke nyumbani hatujawahi kuandikiana, ni simu tu, na simu zenyewe nusu nzima huwa nakugombeza. Lakini huku mtandao umezimwa tangu siku ile ya maandamano, na wanasema hautarudi mpaka hali itulie. Nani ataituliza, hawasemi. Barabara imejaa vizuizi. Anayepita ni Polepole peke yake, yule dereva wa lori la vitunguu, kwa sababu askari nao wanakula vitunguu. Barua hii anakuletea yeye. Ikinuka usinilaumu.

Kituo cha afya tumebaki wauguzi wawili na daktari. Wenzetu walikuwa likizo, barabara ikawafungia huko huko.

Sasa shida yangu ni hivi visanduku vyenu vya sola. Wewe unavijua kwa ndani, acha nikueleze vinavyoonekana kutoka upande huu. Kila nyumba hapa mtaani ina paneli yenu juu ya bati na kisanduku chenu ukutani. Kikiwaka kijani, umeme upo. Kikiwaka nyekundu, kimejifunga. Zamani kilikuwa kinauliza huko kwenu, huyu amelipa? Mkisema ndiyo, mambo yanaendelea. Sasa kinauliza hakijibiwi, na kikikosa jibu kinajifunga chenyewe. Kwa mama mshonaji kimejifunga, naye alimaliza kulipa mwaka jana na cheti chenu kakitundika ukutani, pembeni ya kisanduku. Kisanduku hakijui kusoma.

Cha kituo cha afya bado ni kijani lakini kimeanza kupepesa. Friji letu lina chanjo, na insulini ya watu wote wa hapa wenye kisukari, Baba akiwemo. Wewe ndiye unayekaa kwenye hicho chumba cha mitambo. Sema na wakubwa wako. Hata wakifungua kituo peke yake, sisi wa majumbani tutavumilia.

Baba anakusalimu. Aliponiona naandika akasema, "Usimsumbue mtoto, ana kazi." Nikamwambia mtoto ana ndevu.

Dada yako


Jumatatu, 12 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua imefika na kweli inanuka. Nimeisoma machozi yakinitoka, sababu chagua mwenyewe.

Nimelifikisha suala lako kwa mkuu wa kitengo siku hiyo hiyo. Amelipokea vizuri. Wapo mafundi wenye kifaa cha kufungulia visanduku kwa mkono, bila mtandao, ila kampuni haiwezi kuyapeleka magari yake kwenye njia yenye vurugu. Wanasema hali ya ukanda wenu inafanyiwa kazi. Naomba usiwaone kama wanyama, Dada. Kuna watu wameweka mitaji yao humu na wanataka faida, na sisi tunaolipwa mshahara tunakula kutoka humo humo.

Juzi kulikuwa na kikao. Mkuu wa mauzo alisema, "Jamani, giza ndilo tangazo letu bora." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sijui kwa nini. Nilipotoka nje nikajikuta nimesimama kwenye ngazi, simu mkononi, na hakuna mtu wa kumpigia.

Habari njema: nimepandishwa. Sasa mimi ndiye msimamizi wa zamu. Mwambie Baba, atafurahi. Sukari yake ikoje? Kile kidonda cha mguuni kilishapona? Hujaniandikia chochote juu yake.

Vuta subira kidogo. Nalifuatilia.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumanne, 20 Agosti

Kitinda,

Subira uliyoniambia nivute nimeivuta mpaka ikakatika.

Kisanduku cha kituo kilijifunga siku moja baada ya Polepole kuondoka na barua yangu. Tulilifunga friji kwa mablanketi, tukakatazana kulifungua. Bati linavyowaka mchana huu, unafikiri blanketi litafanya nini? Insulini yote imeharibika. Nimechoma watu dawa nisiyoiamini, wakaniambia asante. Mama mmoja amejifungua mimi nikiwa na tochi mdomoni, na wewe unaniandikia habari za ngazi.

Basi nikuambie tulivyofanya, kwa sababu mkuu wako wa mauzo angependa kujua. Tulikutana kwa mama mshonaji, mtaa mzima, mpaka wale wasiosalimiana. Alikuwepo Fundi Waya, yule mtengeneza redio. Akasema kitu kimoja tu. "Paneli haina ugomvi na mtu. Jua likiipiga inatoa umeme. Mbishi ni kisanduku." Yaani tukiipita ile sehemu inayouliza maswali, umeme upo.

Wakala wenu naye alikuwepo, maana anaishi kati yetu na nyumbani kwake kumejifunga vilevile. Alisimama akasema, "Majirani, atakayefungua kisanduku ni mwizi wa mali ya kampuni. Nitalazimika kuandika jina lake." Alisema huku anatazama mlango, sikumchukia.

Mama mshonaji akamuuliza, "Ukiandika majina yetu wote, karatasi itatosha?"

"Kampuni itawashitaki wote."

"Watupeleke basi. Gereza lenyewe lina sola yao, halina taa."

Watu walicheka, lakini cheko la woga. Tukakubaliana kufungua siku moja, kwa wakati mmoja, ili asiwepo wa kwanza wa kunyooshewa kidole. Na tukafungua. Niligeuka nyuma mara mbili kama naiba kweli. Baadaye tukashusha paneli za mtaa mzima tukazipanga uani mwa kituo cha afya, tukakusanya betri zote, Fundi Waya akaunga. Mchana zinalisha friji, jioni kila mmoja anachukua betri yake kwa zamu anaenda kuwasha taa. Kuna wanaolalamika kwamba wamepewa betri kuukuu. Kuna mmoja kashaiba waya. Ni watu, si malaika.

Umeme ulipopatikana daktari aliweza kumfanyia mzee mmoja upasuaji uliokuwa hausubiri. Yuko salama. Askofu mmoja wa wilaya ya jirani ametuchangia insulini, imekuja kwa pikipiki ikiwa kwenye chupa ya chai. Friji likaipokea.

Baba hajambo. Siku hizi hatembei sana.

Hongera ya cheo. Usiniandikie tena kuhusu subira.

Dada yako


Jumatano, 21 Agosti

Dada,

Polepole hajarudi na sijapata jibu lako, ila kuna dereva mwingine anajaribu kupita kesho, nimeona nisiache nafasi.

Ijumaa mchana mtandao utarudi nchi nzima kwa saa chache, ili mabenki yafanye kazi. Hapo visanduku vyote vitauliza kwa mpigo. Maagizo ya kuvijibu tumeshapewa. Sitaki kuyaandika, barua hizi zinapita mikono mingi. Zamu ya Ijumaa ni yangu.

Baada ya hapo nitakuwa na safari ya kikazi, kwa hiyo usitumie anwani ya ofisi. Mpe Polepole mkononi, tutaonana maegesho ya malori.

Nimekuwa nikifikiria jinsi unavyokunja uso ukiwa unatafuta mshipa wa mgonjwa. Mimi pia siku hizi nakunja uso hivyo hivyo mbele ya kioo cha mtambo, wenzangu wananitania. Mwambie Baba asiache dawa. Mwambie nitakuja nikipata nafasi.

Kitinda


Jumanne, 27 Agosti

Kitinda,

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ijumaa alasiri nilikuwa nafua mashuka uani, nikasikia watoto wanapiga kelele nyumba hadi nyumba. Visanduku vyote kijani! Hata vile tulivyokuwa tumevitoa matumbo vikawaka vitaa vyake, kwa vibetri vidogo vilivyobaki ndani. Na si hapa tu. Wa mji wa bondeni wamewaka, wa ng'ambo ya daraja wamewaka, na wale hawakuwa na Fundi Waya wao, walikuwa gizani kabisa. Muuguzi wa huko ametuma salamu kwamba friji lake linanguruma na yeye analia.

Jumamosi tukasikia redioni. Mkurugenzi wenu mwenyewe, kwa sauti yake laini, anatangaza kwamba kampuni imeguswa na mateso ya wananchi na imefungua umeme kwa ukanda wote kama zawadi. Wakala kanunua soda akagawa. Mama mshonaji kasema bado hawaamini, lakini soda alikunywa.

Niliwalaani watu wale kwa majina yao. Kumbe walikuwa wanapanga kutusaidia. Barua yako ya Jumatano imefika juzi, nikaelewa: maagizo yenyewe ndiyo hayo, nawe uliyajua ukaona hata dada yako hastahili kudokezewa. Hata neno moja! Halafu unaniambia safari ya kikazi. Miaka yote nimejivuna kwamba mdogo wangu ana roho, na leo wageni wenye mitaji wamekushinda utu. Nimeandika kwa hasira, lakini sifuti.

Baba hajambo, anakaa tu barazani. Amesikia redio akasema, "Kitinda lazima alisema nao." Nimemwacha aamini hivyo.

Dada yako


Alhamisi, 5 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia kuhusu mji wa bondeni. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi.

Ni kweli, wakubwa wameonyesha utu. Ningeweza kukudokeza, sikufanya hivyo. Nisamehe.

Kazi pale nimeacha, nimepata shughuli nyingine yenye uhuru zaidi. Usiwe na wasiwasi. Mwandiko umekuwa mbaya kwa sababu naandikia juu ya goti.

Visanduku vyenu msivirudishie matumbo yake. Hata vikiwa kijani. Acheni nyaya zilivyo. Mwambie Fundi Waya nimesema hivyo, usiniulize zaidi.

Msalimie Baba.

Kitinda


Jumamosi, 14 Septemba

Kwako Sista,

Mimi Polepole. Kuandika si fani yangu, kwa hiyo vumilia. Lori langu limekufa giaboksi liko gereji, barua hii nampa mwenzangu, na kesho huenda njia ikafungwa tena, ndiyo maana sikungoja kuja mwenyewe.

Mdogo wako aliniapisha nisiseme kitu. Nimeapa nisiseme. Kuandika hakukutajwa.

Anaishi hapa maegesho. Analala chini ya turubai la lori langu na mchana anatengeneza simu za madereva. Mkono wa kulia vidole viwili havikunjiki. Ndiyo ule mwandiko.

Ile Ijumaa maagizo yalikuwa wafunge, Sista. Ukanda wenu wote, na hospitali ndani yake, mpaka watu walipie hata siku ambazo mtandao haukuwepo. Yeye akafungua. Aliketi pale peke yake akavijibu visanduku vyote ndiyo, akabadilisha na neno la siri ili mwingine asirudishe upesi. Walinzi walipomtoa kwenye kiti alikuwa amekishika, ndipo wakampiga vidole. Akawekwa stoo ya kampuni, halafu polisi.

Mimi nikamuuliza, mbona wamekuachia? Akacheka. Akasema, "Mkurugenzi aliona watu wanafurahi, akaona heri iwe zawadi yake. Sasa wakinishitaki itabidi waeleze zawadi gani hiyo iliyofanya mtu avunjwe vidole." Wamemsainisha kwamba akifungua mdomo kesi inarudi, na tena wakamtajia kwamba wanajua dada yake anafanya kazi wapi. Ndiyo maana amekunyamazia wewe.

Barua yako ile ya hasira nilimpelekea mimi mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniomba maji. Nilitaka kumwambia na mimi jambo la mzee wenu, kwa kuwa nililiona kwa macho nilipokuja kwenu, lakini wewe nawe uliniapisha. Mmenifanya ghala la siri, na mimi ni mtu wa vitunguu. Malizaneni.

Polepole


Jumanne, 17 Septemba

Kitinda, mdogo wangu,

Yule mzee aliyefanyiwa upasuaji ni Baba.

Kile kidonda ulichokiulizia hakikupona. Dawa ilipoharibika sukari ikapanda, na kidonda kikaenda nayo. Siku tulizokuwa gizani mguu ulikuwa unageuka rangi, daktari anasema ukatwe, na hana taa ya kukatia. Nilishika ile tochi nikamulika mguu wa baba yangu nikajua tumechelewa. Tuliposhusha paneli za mtaa, za kwanza kuungwa ziliunguza waya. Fundi Waya akarudia. Taa ilipowaka, daktari hakusubiri hata tushangilie. Mguu wa kushoto umeondoka chini ya goti, Baba amebaki. Alipozinduka akaniambia, "Sasa kiatu nitanunua kimoja, muuzaji atalia." Akaniomba nisikwambie, kwa kuwa ungeacha kazi ukaja ukapigwa risasi kwenye vizuizi. Nikakubali. Na kusema kweli nilikaa kimya pia kwa sababu nilikuwa nakulaumu, sikutaka upate nafasi ya kuumia ukapunguza lawama yangu.

Barua ya Polepole nimeisoma kazini, daktari akanitoa nje. Maneno niliyokuandikia sitaki kuyarudia hapa. Nitayajibu mbele yako, ukinikasirikia ni haki yako.

Jana jioni nilimsomea Baba. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akaita, "Kipi?"

"Kipi nini, Baba?"

"Vidole. Ni vipi?"

Nikamwambia sijui, Polepole hakusema. Akageukia ukuta. Leo asubuhi hakutaka chai.

Mtaa nimeuambia. Najua wamekusainisha, najua na mimi wamenitaja, lakini nimepima nikaona siri ikikaa kwa mtu mmoja inamuua huyo mmoja. Tulikutana tena kwa mama mshonaji. Nilipomaliza kusoma, Wakala aliinuka akatoka, tukasema amekwenda kutuuza. Akarudi na fulana yake ya kampuni, akaiweka sakafuni, akaketi. Mama mshonaji akaisogeza kwa mguu, akampa kikombe.

Halafu haya mengine. Mtandao umerudi moja kwa moja tangu wiki iliyopita, ila simu siziamini, zinasikilizwa, na Jumapili zawadi yao ikaisha. Visanduku vyote nyekundu, kwa siku moja, bila tangazo. Mtaani kwetu taa hazikuzimika, kwa sababu nyaya hazipiti tena huko, ulivyotuambia. Mji wa bondeni walizimikiwa. Zile wiki tatu ulizowapa walikuwa wamewatuma vijana wao kwa Fundi Waya kujifunza, na Jumatatu jioni wakawaka tena, wenyewe. Sasa ng'ambo ya daraja wanataka kufundishwa. Fundi Waya anasema yeye anajua waya, lakini hajui hivi visanduku vinavyofikiri, na kampuni lazima ina mbinu nyingine. Anasema tunahitaji mtu anayejua.

Leo mchana gari la kampuni limefika kung'oa vifaa. Wanaume wanne, mmoja ana ngazi. Tulitoka wote tukakaa chini pale uani, kati ya paneli, na wagonjwa wanaoweza kukaa wakakaa. Baba alibebwa na kiti chake, akawekwa mbele kabisa, mbele ya ngazi. Mwenye ngazi akamwambia, "Mzee, mimi nimetumwa." Baba akamwambia, "Na mwanangu alitumwa." Yule mtu akasimama pale na ngazi yake, hajui aiweke wapi. Mwishowe wakaondoka. Wamesema Ijumaa watarudi na askari.

Naogopa, sitakuficha tena. Huenda wakatuondoa wote, huenda friji likazimika tena na nikaanza upya kuchoma watu maji. Lakini hakuna aliyebeba paneli yake akarudi nayo nyumbani. Nimezunguka nikaangalia. Zote zipo.

Mleta barua hii ni mwenzake Polepole, anageuza lori kurudi huku Alhamisi alfajiri. Nimeongea naye, utakaa mbele, si juu ya mzigo. Chumba chako nimekifagia. Njoo ufike kabla yao.

Dada yako